Natafuta kumbukumbu za babu aliyeishi Ngamiani, Tanga: nianzie ofisi gani?

BintiKasulu

Salaam wakuu. Naomba msaada wa wenyeji wa Tanga na yeyote anayejua mambo ya masjala.

Babu mzaa mama alitoka Kasulu miaka ya hamsini akiwa kijana, akachukuliwa na SILABU, wale wakala waliokuwa wakiandikisha vibarua wa mashamba ya mkonge, kwenda kukata mkonge Tanga. Alianzia mashamba ya upande wa Pongwe, baadaye akahamia mjini, akanunua nyumba Ngamiani, barabara ya 14. Bibi yangu alirudi Kigoma na mama akiwa bado mdogo. Babu akaoa mke mwingine hukohuko na kuzaa naye, na alifariki Tanga mwaka 1987. Taarifa za msiba zilitufikia kwa barua baada ya arobaini kupita.

Mama sasa ni mtu mzima, macho yanamsumbua, na kila tukikaa anawataja wadogo zake ambao hajawahi kuwatia machoni. Mali hatutaki. Nyumba kama ipo ni yao, waliomuuguza mzee. Tunachotafuta ni ndugu.

Nilichonacho ni jina la babu kama mama anavyolitaja na ile barua ya msiba, ambayo ina sanduku la posta la mtu tusiyemjua. Mtandaoni jina haliji. Je, lipo daftari la wakazi wa mji ambalo mtu anaweza kufunguliwa akatafuta jina? RITA watanisaidia? Nipo Mwanza, nauli ya Tanga si ya kuchezea, ndiyo maana nauliza kabla sijapanda basi.

Mdigo_wa_Chumbageni

Dada, pole na hongera kwa moyo huo. Daftari la wakazi lipo, lakini ni la karatasi na linakaa kwa mtendaji wa mtaa. Linaandika wanaoishi hapo sasa, kwa hiyo aliyefariki 1987 usitegemee kumkuta. Hata hivyo anzia hapohapo. Ingia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, jieleze, mwombe akupeleke kwa wazee wa barabara ya 14. Ngamiani watu wanajuana kwa barabara. Mzee aliyekaa barabara ya 12 toka ujana wake anaweza kukutajia nani alijenga wapi mpaka barabara ya 16.

RITA wana vizazi na vifo vilivyosajiliwa, ila watu wetu wa zamani wengi walizikwa bila familia kufuatilia cheti. Usiweke matumaini yote huko.

Karani_Mstaafu

Binti yangu, salaam. Nimefanya kazi masjala za mahakama za mwanzo mkoani Tanga mpaka nilipostaafu, na watu wa namna yako nimewapokea dirishani wengi. Nitakwambia ninavyojua.

Wengi hufika na swali hili: "Mna taarifa zozote za fulani?" Karani anajibu hakuna, na hajasema uongo, maana kwake hakuna kabati lenye majina ya watu na maisha yao. Ofisi zetu zinaandika matukio. Mtu kazaliwa, kaoa, kanunua, kashtaki, kafa. Chukua karatasi uandike yaliyompata babu, na kila jambo ulipeleke kwenye ofisi yake.

Kwa maelezo yako, tukio kubwa la babu ni kwamba alifariki akiwa na nyumba, na watoto wa mama mbalimbali. Hapo kuna uwezekano mkubwa mirathi ilifunguliwa. Kama alikuwa Mwislamu, au mambo yake yaliendeshwa kimila, shauri litakuwa lilifunguliwa mahakama ya mwanzo ya mjini. Kama alikuwa Mkristo wa ndoa ya kanisani, basi ulizia mahakama ya wilaya au Mahakama Kuu.

Jalada la mirathi ndilo ninalokusihi ulitafute kuliko kitu kingine chochote. Ndani utakuta Fomu Na. I, maombi ya kuteuliwa msimamizi, na humo warithi wanatajwa. Mara nyingi kuna muhtasari wa kikao cha familia, karatasi ya daftari la shule iliyoandikwa kwa mkono, na chini yake majina ya waliohudhuria, uhusiano wao na marehemu, sahihi au dole gumba. Kuna Fomu Na. IV, ile ya uteuzi wa msimamizi. Nimeona watu wakilia wakisoma muhtasari wa kikao, kwa sababu wamekuta jina la shangazi ambaye nyumbani kwao lilikuwa limeshaachwa kutajwa. Na inawezekana kabisa mama yako ameandikwa humo, "mtoto, yupo Kigoma".

Jalada hulipati kwa jina peke yake. Kuna rejista ya mashauri ya mirathi, mbali na ya jinai na ya madai, inayokwenda kwa namba na mwaka, kama hivi: Mirathi Na. 27/1986. Mwombe karani akuangalizie kuanzia 1987 kusonga mbele. Usiishie mwaka wa kifo. Watu hukaa na nyumba ya marehemu miaka mingi kwa amani, wanakwenda mahakamani siku mmoja anapotaka kuuza.

Sasa majina, maana hapa ndipo wengi wanapopotelea. Vitabu vya zamani havifuati jina la ukoo. Mtu anaandikwa kwa jina lake, kisha la baba yake, na "bin" au "binti" katikati. Ukitafuta kwa lile jina la tatu mnalotumia leo kwenye vitambulisho, hutamwona. Tena karani aliandika alivyosikia: Salehe, Swalehe na Saleh anaweza kuwa mtu mmoja, vilevile Hadija na Khadija. Na kwa waliotoka bara kuja kwenye mkonge kuna jingine. Kijana aliondoka kwao na jina la Kiha, kambini akaitwa jina jingine, na hilo la kambini ndilo lililoingia kwenye kipande, ile kadi ya kazi, kisha likaingia kwenye mkataba wa nyumba. Muulize mama, polepole, watu wa Tanga walimwita nani baba yake mwenyewe mzazi. Hata jina la utani liandike.

Ukienda, nenda na barua ya serikali ya mtaa wa kwenu Mwanza inayokutambulisha wewe na mama, nakala ya cheti cha mama cha kuzaliwa au kiapo, na barua ya maombi kwa hakimu mfawidhi ikieleza una maslahi gani katika jalada hilo. Mtoto wa marehemu ana maslahi. Wewe mjukuu unamwakilisha, kwa hiyo mama aandike barua na kuweka sahihi au dole.

Mpima_Ardhi_Tz

Mzee kamaliza upande wa mahakama. Niongeze wa ardhi.

Ofisi ya ardhi kuna upekuzi rasmi. Unalipia, unajibiwa kwa maandishi nani ndiye mmiliki aliyesajiliwa na kama kuna rehani au zuio. Shida ni kwamba upekuzi unakwenda kwa namba ya kiwanja na kitalu au namba ya hati, siyo kwa jina la mtu. Kwa hiyo lazima kwanza uione nyumba yenyewe, au jirani wa ukuta kwa ukuta akuonyeshe karatasi zake, ndipo upate kitalu. Risiti za zamani za kodi ya majengo nazo zinasaidia. Kodi ile ilikuwa ya halmashauri kabla haijapelekwa TRA, na tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, kwa hiyo siku hizi mwenye nyumba hana tena risiti ya karatasi, lakini wazee huwa wanazitunza za nyuma.

Jambo moja ambalo mzee atalifurahia: kama nyumba ina hati na ilihamishwa baada ya kifo, msimamizi anaandikishwa kwa jina lake kama msimamizi wa mirathi ya marehemu fulani. Ukipata jina hilo, umepata mtu wa kumtafuta, na faili la ardhi litakuwa na nakala ya uteuzi wake kutoka mahakamani, pamoja na namba ya shauri. Yaani kama mahakamani rejista imekataa, unaweza kuipata namba kwa kupitia ardhi.

Malipo yote ni kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Atakayekwambia "nipe mkononi nikutolee faili" ni kishoka, muage.

Kijana_wa_Makorora

Kwa nini ateseke hivyo? Daftari la wapiga kura hubandikwa vituoni wakati wa uboreshaji. Apate mtu apige picha majina ya kata nzima, ayamwage Facebook, wenye ukoo watajitokeza wenyewe.

Karani_Mstaafu

Hapana mwanangu, na nasema hapana kwa uchungu. Yale majina yanabandikwa ili mwananchi ahakiki taarifa zake na kuweka pingamizi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Lakini hata kama isingekuwepo, fikiria hao wajomba. Wapo kwao, wamelea watoto, pengine watoto hawajui kwamba babu alikuwa na mke mwingine Kigoma. Wanaamka asubuhi majina yao yako kwa watu elfu. Ya marehemu yafukue utakavyo. Aliye hai mtumie mtu mzima akamgongee mlango, amsalimie, amwachie namba ya simu, na amwache achague kupiga au kutopiga.

BintiKasulu

Mzee wangu, shikamoo. Nimemsomea mama maandishi yako mpaka mwisho. Amesema babu alikuwa Mwislamu, alisilimu hukohuko Tanga, na jina la kusilimu ndilo lililo kwenye ile barua ya msiba. Sisi siku zote tunamtaja kwa jina la Kiha, na hilo ndilo nililokuwa natafuta. Anakumbuka pia kwamba wenzake walimwita Mzee Kasulu. Je, niende na majina yote matatu?

Karani_Mstaafu

Marahaba binti yangu, mfikishie mama salamu zangu. Nenda nayo yote, lakini kila moja lina mahali pake. Mahakamani taja la kusilimu likifuatwa na la baba yake. Barabara ya 14 sema Mzee Kasulu. La Kiha liandike kwenye barua yako ya maombi, useme ni la mtu huyohuyo, maana huenda cheti cha mama ndilo kinalotaja na hakimu atataka kuona yanavyoungana.

Ile barua ya msiba itoe nakala, halisi ibaki kwa mama. Na lile sanduku la posta usilidharau. Watu wa mjini zamani walipokea barua kwa sanduku la mwajiri, la shule au la mwenye duka. Onyesha namba hiyo kwa wazee kabla hujaenda ofisi yoyote.

Usifike Jumatatu asubuhi, dirisha linakuwa na watu wa dhamana. Nenda Jumanne.