Forester ya turbo inavuja hewa kwenye menifodi: gasketi mpya au silikoni?

MkaziWaNjiro (Arusha)

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kabla sijatoa fedha. Nina Subaru Forester ya mwaka 2005, aina ya SG5, yenye injini ya EJ20 ya turbo. Kwa muda sasa gari halitulii kwenye sailensa (injini ikizunguka bila kukanyaga mafuta): mshale wa mizunguko unapanda na kushuka, hasa asubuhi injini ikiwa ya baridi, na taa ya injini imewaka. Lilipopimwa kwa mashine lilitoa kodi (namba ya hitilafu) P0171, yaani hewa imezidi mafuta. Ajabu ni kwamba nikikanyaga mafuta kupanda mlima, nguvu huchelewa kuja na nyuma linatoa moshi mweusi kidogo, ilhali gari lenye upungufu wa mafuta halikupaswa kutoa moshi wa aina hiyo. Plagi, koili na kichujio cha hewa ni vipya.

Fundi wa kwanza anataka kufungua menifodi ya kuingizia hewa, apake silikoni na kufunga. Wa pili anasema gasketi zote zibadilishwe. Aidha, geji yangu inasoma ombwe la inchi 14 za zebaki kwenye sailensa, wakati ndugu yangu aliyeko Dar es Salaam, mwenye gari kama hili, husoma 19. Je, tofauti hiyo ndiyo kipimo cha uvujaji wenyewe?

DerevaWaKigamboni

Pole mkuu. Mimi ningemsikiliza fundi wa kwanza. Silikoni nyekundu inayostahimili joto imenisaidia kwenye gari la zamani lisilo na turbo, na gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na gasketi halisi, ambazo mara nyingi huagizwa na kusubiriwa.

FundiBoxer (Nairobi)

Ndugu wa Njiro, dalili ulizoeleza hazipingani hata kidogo. Ni sura mbili za tundu moja. Gari lako lina sensa inayopima kiasi cha hewa mara tu inapotoka kwenye kichujio, na kompyuta huamua mafuta kwa kuiamini sensa hiyo. Kwenye sailensa ndani ya menifodi kuna ombwe, kwa hiyo tundu lililopo kwenye gasketi linavuta hewa ambayo sensa haikuihesabu, na ndiyo maana unapata P0171. Ukikanyaga mafuta, turbo inajaza presha na mambo yanageuka: hewa iliyokwisha kuhesabiwa inatokea kwenye tundu lilelile, mafuta yaliyopangwa kwa ajili yake yanabaki bila mwenzake, na unaona moshi mweusi. Turbo nayo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kufikia presha inayotakiwa, jambo linaloichosha bure. (Injini zisizo na sensa ya namna hiyo, kama 1JZ-GTE ya Toyota inayopima presha ndani ya menifodi, huonyesha dalili tofauti, mara nyingi sailensa hupanda tu. Kwa hiyo usichukue ushauri wa gari la mwingine bila kuuliza linapimaje hewa.)

Kuhusu geji, usiwe na hofu. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa huko ni ndogo kuliko ya pwani kwa kadiri ya inchi nne hadi tano za zebaki. Injini isiyo na kasoro iliyo kwako itasoma pungufu ya ile ya Dar kwa kiasi hichohicho. Kwa maneno mengine, tofauti kati yako na ndugu yako inaelezwa karibu yote na mwinuko. Kinachonishughulisha mimi ni mshale kutotulia.

Hata hivyo, bado hujathibitisha kuwa ni gasketi. Chini ya menifodi ya injini hii unapita mpira mkubwa unaopeleka hewa kwenye turbo, na hupasuka kwa umri na joto mahali ambapo jicho halifiki. Mpira huo uko kabla ya turbo, kwa hiyo ndani yake huwa kuna mvuto tu, kamwe si presha. Ukipasuka, mchanganyiko hukosa mafuta kwenye sailensa na hata ukikanyaga. Moshi mweusi hauji. Dalili zako zinaelekea upande wa baada ya turbo, lakini huko nako kuna intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo) na mipira yake. Naomba utuletee vipimo vya marekebisho ya mafuta ya muda mrefu (asilimia ya mafuta ambayo kompyuta huongeza au kupunguza), kwenye sailensa na kwenye mizunguko 2,500.

MkaziWaNjiro

Ahsante sana. Kwenye sailensa yanasoma asilimia 19 za nyongeza. Kwenye mizunguko 2,500 yanashuka hadi 4. Fundi alitaka kunyunyizia dawa ya kusafishia kabureta kuzunguka menifodi ili asikilize kama mzunguko wa injini utabadilika. Nilimzuia kwanza.

BintiMakanika (Mombasa)

Ulifanya vyema kumzuia. Dawa hiyo inawaka, na kwenye injini hii turbo na mabomba ya moshi yako karibu mno. Isitoshe, kwa injini ya boxer kama hii, ambayo menifodi yake imekaa juu ya hedi mbili zilizolala pembeni, dawa hutiririka na kukuonyesha mahali pasipo penyewe.

Namba zako zinasema wazi kwamba hewa inaingia kwa kiasi ambacho ni kikubwa kwa injini iliyotulia na kidogo kwa injini inayovuta hewa nyingi. Kama tatizo lingekuwa pampu ya mafuta au sensa chafu, nyongeza isingeshuka namna hiyo.

Pima kwa kompresa, injini ikiwa imezimwa na imepoa. Tengeneza kizibo chenye nozeli ya tairi, ukifunge kwenye mdomo wa mpira wa turbo baada ya sensa ya hewa, ziba mipira ya kupumulia ya injini ili presha isiingie kwenye sampu (chombo cha oili chini ya injini) na kusukuma sili za oili, kisha jaza hewa polepole. Anza na psi 5 na usizidi 10. Sauti ndogo ya hewa kutoka kwenye bomba la moshi ni ya kawaida, kwa sababu vali za silinda moja zinaweza kuwa wazi kwa pamoja. Unayoitafuta ni sauti ya nje. Paka povu la sabuni kwa brashi kwenye maungio ya intakula, throtoli (vali ya hewa inayofunguliwa na pedeli ya mafuta) na chini ya menifodi pande zote mbili. Mwenye mashine ya moshi kazi yake ni rahisi zaidi, lakini povu halidanganyi.

Usisahau kwamba kati ya menifodi na kila hedi kuna kipande cha alumini chenye vali, ambacho mafundi hukiita TGV. Kwa hiyo gasketi ni nne, mbili juu na mbili chini, na watu wengi hubadilisha za juu wakaacha za chini.

MkaziWaNjiro

Tumepima. Povu limechemka upande wa kushoto, kwenye gasketi ya chini ya TGV, karibu na bolti ya nyuma. Intakula na mpira wa turbo viko salama. Bolti hiyo inazunguka bila kukaza. DerevaWaKigamboni, bado unaniambia nipake silikoni?

DerevaWaKigamboni

Kwa bolti inayozunguka bure, hapana. Hapo ninakubali kwamba silikoni isingeshika.

FundiBoxer (Nairobi)

Isingeshika hata kama bolti ingekuwa nzima. Gasketi hii imetengenezwa ifungwe kavu. Silikoni chini yake huifanya iteleze, na turbo ikijaza presha huisukuma nje. Mvuke wa petroli huilainisha, vipande vyake vilivyozidi hukatika na kuvutwa kwenye vali, na aina nyingi hutoa mvuke unaoharibu sensa ya oksijeni. Zipo injini ambazo mtengenezaji mwenyewe huagiza tone la silikoni kwenye kona za menifodi. Hii si mojawapo.

Nyuzi za bolti kwenye alumini zikiisha, hutobolewa na kuwekewa koili ya chuma ya kuokolea nyuzi. Kazi hiyo ifanywe menifodi ikiwa imetolewa, mlango wa hewa ukiwa umezibwa kwa kitambaa safi na ncha ya kutobolea ikiwa imepakwa grisi ili ikamate chembe, kisha pafyonzwe kwa mashine kabla kitambaa hakijaondolewa. Chembe moja ikianguka kwenye silinda utajuta zaidi ya gharama ya gasketi.

Mabaki ya gasketi yakwanguliwe kwa kipande cha plastiki. Mkatalie kabisa fundi anayetaka kutumia diski ya msasa kwenye grainda: huchimba alumini pasipo kuonekana, na unga wake huishia kwenye beringi. Baada ya kusafisha, laza rula iliyonyooka juu ya TGV na menifodi na ujaribu kupitisha fila geji (vipande vyembamba vya chuma vya kupimia mwanya) chini yake. Uso uliopinda hautazibwa na gasketi yoyote. Bolti zifungwe zikiwa kavu, kuanzia katikati kwenda nje, kwa hatua mbili au tatu hadi nyutoni-mita 25, kwa spana ya torki. Wengi hukaza kwa mkono mpaka wasikie "imetosha", na bila shaka ndivyo bolti yako ilivyoisha.

BintiMakanika (Mombasa)

Niongeze mawili. Kabla ya kufungua, ondoeni presha ya mafuta kwenye reli (bomba linalogawia nozeli petroli) na mpunguze maji ya rejeta, kwa kuwa throtoli ina mipira ya maji. Na kwa vile menifodi itakuwa nje, badilisheni mpira wa turbo, vali ya kupumulia injini na mipira yake, na mkague sensa ya mgongano (inayosikia injini ikigonga) iliyo juu ya bloku, maana kuvifikia vitu hivyo siku nyingine ni kurudia kazi ileile kwa gharama ileile.

MkaziWaNjiro

Nimeelewa, na gasketi zote nne nimeagiza. Swali la mwisho: ninaweza kuendelea kulitumia wakati nikisubiri?

FundiBoxer (Nairobi)

Mjini, taratibu, bila kuiita turbo, ndiyo. Safari ndefu na kupanda milima ukiwa umebeba mzigo, hapana. Mkishafunga, rudieni kipimo cha kompresa kwa presha ileile kabla ya kuwasha, ndipo mfute kodi. Ukiendesha siku chache, soma tena marekebisho ya mafuta kwenye sailensa. Yakibaki juu ya asilimia 10, rudi hapa na namba zako kabla hujanunua kitu kingine.