Nani acheze Kinjeketile? Kikundi chetu Lindi kimegawanyika

BintiMtanda (Lindi mjini)

Shikamooni wakubwa, na wenzangu mambo vipi. Kikundi chetu cha sanaa tunataka kuitoa tamthiliya ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein jukwaani tuifanye filamu. Mwandishi ni mtu wa mkoa wetu, kazaliwa Kilwa, na vita ya Maji Maji ya 1905 imepita kwenye ardhi hii tunayoikanyaga. Haki za kitabu na kibali cha Bodi ya Filamu tunavifuatilia, kwa hiyo hayo tuyaache kwa leo.

Tulipokwama ni kwa mhusika mkuu. Mtu anayetaka kutupa hela anamtaka MC mmoja wa Mtwara. Ni kijana, sura nzuri, hakuna harusi ya maana asiyoishika yeye, na mtandaoni wafuasi anao wengi. Mimi namtaka mvuvi mmoja wa makamo ambaye tunaigiza naye siku zote. Tulimjaribu onyesho la gerezani, pale Mjerumani anapomtaka Kinjeketile akane yale maji aliyowapa watu kuwa ni kinga ya risasi. Hakukimbilia kujibu. Alianza kusugua kiganja cha mkono wa kushoto kwa kidole gumba, taratibu, macho chini, halafu akayainua. Mwenye kamera alisahau kuizima.

Wenzangu wanasema sura isiyojulikana haiuzi. Kwenye hadithi ya zamani iliyotoka kitabuni, nani anacheza nafasi kuu kuna uzito gani? Nisaidieni, nina kikao nao wiki hii.

KoroshoGhafi (Newala)

Dada, mpe MC. Filamu bila watazamaji mtaiangalia wenyewe na ndugu zenu. Hata filamu ya Half of a Yellow Sun ya 2013, hadithi ya vita ya Biafra kule Nigeria, nafasi ya Olanna, mhusika mkuu wa kike, alipewa Thandie Newton, mzaliwa wa London, mama yake Mzimbabwe. Wapo Wanigeria waliolalamika kwamba Olanna ni Mwigbo na angechezwa na Mwigbo. Wenye filamu wakaendelea naye, kwa sababu jina lake lilikuwa linafungua milango.

MwalimuMstaafu (Masasi)

Marahaba binti. KoroshoGhafi kwenye hela sibishani na wewe. Mimi nataka tuangalie hadithi yenyewe inadai nini, maana nimeifundisha tamthiliya hii miaka mingi na bado inanigusa.

Kinjeketile anaingia mtoni, watu wanajua amekufa maji, kisha anatoka mzima, nguo kavu. Hapo ndipo wanapomwamini. Kabla ya hapo ni mwanakijiji mwenzao, kuna njaa, kuna kazi ya kulazimishwa kwenye shamba la pamba. Sasa mweke huyo MC. Mtazamaji wa Chikongola, kule kwao Mtwara, atampigia makofi kabla hajalowa hata unyayo. Atakuwa anamfuata kwa umaarufu aliokuja nao kutoka kwenye harusi, na yale maji yatakosa kazi. Maji yakikosa kazi, hakuna tamthiliya.

Halafu kuna ile shaka. Yeye mwenyewe anafika mahali hajui kama neno alilolileta ni la kweli, na watu hawataki tena kusubiri, wanataka vita. Jukwaani shaka hiyo anaitamka, na aliyekaa nyuma kabisa anaisikia. Kamera inakuja mpaka usoni, inaikuta shaka kabla mdomo haujafunguka. Kazi ya MC ni kuhakikisha ukumbi haunyamazi hata dakika moja, na anaifanya vizuri. Hapa mnamtafuta mtu anayeweza kunyamaza tukaendelea kumtazama. Huyo mvuvi wako kwa maelezo yako anaweza.

Umri nao usiupuuze. Mwaka 1995 Ang Lee alitengeneza filamu ya Sense and Sensibility kutoka riwaya ya Jane Austen ya 1811. Elinor, mhusika mkuu, kitabuni ana miaka 19. Emma Thompson, ambaye ndiye aliyeandika skripti na akapata Oscar kwa uandishi huo, alimcheza akiwa na miaka 36. Binti wa miaka 19 akimkosa mchumba tunamwonea huruma, lakini tunajua atapata mwingine. Ukimwona mwanamke mtu mzima anameza machozi mezani ili wadogo zake wasijue, unaogopa kwamba hii ndiyo ilikuwa nafasi yake ya mwisho. Hadithi ni ileile, ila uso umeiongezea uzito. Kinjeketile wa makamo, mwenye mke na nyumba, akikataa kukana maji wakati anajua kitanzi kinamsubiri, tunaona vyote anavyoviacha.

Na nyota huwa anazaliwa na nafasi. Televisheni ya taifa ya Nigeria ilipotengeneza Things Fall Apart, kutoka riwaya ya Chinua Achebe, mwaka 1987, nafasi ya mhusika mkuu Okonkwo alipewa Pete Edochie, mtu wa redioni. Nafasi hiyo ndiyo iliyomfanya ajulikane nchi nzima.

KoroshoGhafi (Newala)

Mwalimu, kwa heshima zote, Edochie nyuma yake kulikuwa na televisheni ya taifa. Huyu dada ana nini nyuma yake?

FundiWaKaniki (Mikindani)

Mimi nashona, niseme la kwangu. Mavazi ya enzi hizo yana maneno machache, kaniki basi. Mwili unabaki wazi, hauna pa kujificha. Bega la mvuta nyavu linaonekana, na kisigino kilichotembea peku kinaonekana. Huyo MC nadhani namjua, nywele zake zimechorwa na wembe na ndevu zimenyooshwa kwa mstari. Zinahitaji miezi kuota, na harusi hazitamsubiri. Muulizeni kwanza kama yuko tayari kunyoa.

BintiMtanda (Lindi mjini)

Ahsante Mwalimu, ahsante wote. Swali la KoroshoGhafi ni gumu na sina jibu zima. Nilichoamua ni hiki: kwenye kikao sitabishana kwa maneno. Nitaomba MC naye acheze lile onyesho la gerezani, kamera hiyohiyo, mwanga huohuo, halafu mwenye hela azitazame zote mbili mfululizo. Na nitampendekeza MC awe mmoja wa wale vijana wanaoharakia vita, jina lake bado liwepo kwenye bango. Sauti yake ya kuamsha umati pale inafaa kabisa.

Fundi, kaniki za watu ishirini unaweza? Tunapanga kushuti onyesho la maji kwenye mto Lukuledi kabla mvua hazijaanza.

FundiWaKaniki (Mikindani)

Naweza. Nitumie urefu wa mvuvi kwanza.