Mjadala: neti zitoke mdomoni mwa mto kwa kufuata kalenda ama kwa kufuata maji?

Mwanzisha mada:

Wadau wa Nyakach, Ahero, Budalang'i na kote mito inakoingia Ziwa Victoria, hii maneno tuiongee waziwazi. Kuna wenye wanasema midomo ya mito ifungwe kila mwaka kuanzia Aprili 1 hadi Julai 31, vile tu uvuvi wa omena (dagaa) hufungwa. Mimi naunga mkono kufunga, tena kwa nguvu, lakini hiyo tarehe naipinga. Samaki tunayetaka kulinda ni ningu, na ningu hangoji Aprili, anangoja maji.

Kwa wenye hawajui, ningu anaishi ziwani lakini hazai ziwani. Mvua ikinyesha kule Mau na Nandi, maji yakishuka rangi ya chai ya maziwa, ndio anaanza kupanda, Nyando, Sondu, Yala, Nzoia, Kuja, anapanda kwa kundi, siku chache tu, anaingia kwa vijito na nyasi zenye mafuriko yamefunika, anataga huko na watoto wanashuka maji yakipungua. Sasa hizo siku chache kila mtu anazijua. Neti inawekwa toka ukingo hadi ukingo, imefungwa kwa mafunjo huku na huku, chupa za plastiki zinaelea juu. Asubuhi yake nenda soko la Sondu ukute ningu ameletwa, tumbo limekaza, ukibonyeza kidogo mayai yanatoka yenyewe, mama akimpasua ni mayai toka karibu na matamvua mpaka nyuma, na bei inapanda kwa sababu ya hayo mayai.

Na tusimsingizie mbuta (sangara), yule mkubwa anayekula samaki wenzake, kila kitu. Neti za kunasa ziliingia ziwa hili mwaka 1905, na miaka ya 1950 na 1960 ningu wa mitoni alikuwa tayari ameanguka, kwa sababu alikuwa akivuliwa njiani akienda kuzaa.

Wenzetu wenye samoni wana shida kama yetu, samaki anayepanda mto kuzaa huku watu wanamngoja chini. Kule Bristol Bay, Alaska, wafanyakazi wa serikali wanakaa kwa minara kando ya mto wanahesabu samaki wanaopanda mmoja mmoja, na neti zinafunguliwa ama kufungwa kulingana na hesabu ya wenye wamepita, tangazo linatolewa redioni. Msimu ukichelewa, amri nayo inasogea. Hiyo akili ndio nataka hapa. Mwaka 2019 mvua kubwa yetu ilikuja Oktoba hadi Disemba, 2023 ikapiga tena Novemba. Hiyo kalenda ya Aprili ingelinda nini?

Mvuvi, Nyando chini:

Heshima kwako lakini unaongea kama mtu wa mshahara. Aprili mpaka Julai omena imefungwa tayari, ukiongeza na mdomo wa mto mimi neti nipeleke wapi, na karo inaangukia hapo hapo. Halafu unasema tufuate maji. Nani atatangaza leo maji yamefika, chifu? Kitu ikiachiwa mtu aamue, huyo mtu atanunuliwa. Kalenda hainunuliwi. Aprili 1 ni Aprili 1 kwangu na kwa askari mwenye anakuja na boti.

Na hizo habari za samoni, hao ni watu wa kuvua kwa starehe, akishika anapiga picha anarudisha. Sisi tunakula.

Muuza samaki, Sondu:

Mimi sipingi kufunga lakini mbona kila siku ni neti neti? Huu mto wetu, mtambo wa stima wa megawati 60 unachukua maji juu kwa ukuta yanapita kwa handaki, halafu ule wa Sang'oro, megawati 21, unayatumia tena ndio yarudi. Kiangazi kile kipande cha katikati unaona mawe tu. Ongeza wenye wanachota mchanga. Hata neti zikitolewa zote, ningu akifika akute mto umechimbwa mashimo, atataga wapi? Mkiandika sheria mwandike na hiyo, si mvuvi peke yake ndiye mkosaji.

Mkulima, Kericho:

Naongea kutoka juu kwenye maji yanaanzia. Huku mto Kiptiget kuna samaki anaitwa trauti, huyo ni wa ukoo mmoja na samoni, alifika Kenya 1905 kutoka Scotland. Trauti hawezi maji ya moto, maji yakipata joto hewa inapungua ndani yake anaanza kuhangaika. Pale miti ya ukingoni imekatwa mtu akapanda mahindi mpaka majini, hutamuona. Na huo udongo hauishii kwetu, unashuka mpaka kwa hizo nyasi mnasema ningu anataga. Dada wa Sondu amesema ukweli, na mimi naongeza kwamba sisi wa juu tunafaa kuwa kwa hicho kikao.

Mwanzisha mada:

Dada na ndugu wa Kericho, mko sawa, yaingie yote. Lakini mchanga na miti ni kazi ya miaka, neti zinaweza kutoka wiki hii mvua ikipiga.

Sasa wewe wa Nyando, hoja yako ya kununuliwa ndio nzito hapa na sitaki kuipita. Ndio maana nasema asiamue mtu, iamue namba. Mamlaka ya Rasilimali za Maji ina vipimo mitoni, ni nguzo yenye namba. Pakeni rangi nyekundu mahali maji yakifika neti zote zinatoka, wiki mbili, kila mtu apite aone kwa macho yake na apige picha na simu atume kwa grupu ya BMU, ile kamati ya usimamizi wa bichi. Chifu hana la kutangaza hapo. Na iwe na kikomo, mara mbili kwa mwaka basi, hata kama mto utafurika mara tano, ndio usilale njaa. Piga hesabu mwenyewe: kalenda inakufungia miezi 4 mizima hata mvua ikichelewa, yangu ni wiki 4 ikizidi sana.

Kuhusu samoni kuwa wa starehe, hapana. Mto Yukon kuna wenyeji wenye samoni ndiye chakula chao cha miaka yote, wanamkausha kwa ajili ya baridi. Samoni aina ya Chinook alipungua hadi Aprili 2024 Alaska na Kanada wakakubaliana kusimamisha kumvua miaka 7, yaani mzunguko mzima wa maisha yake. Hao walikuwa wanakula kama wewe, ndugu yangu, na mimi sitaki tufike hapo ndio tuanze kuulizana wiki mbili.

Mvuvi, Nyando chini:

Wiki mbili naweza kukubali, na hiyo nguzo ya rangi nimeielewa. Lakini iwe mto wote. Nikitoa neti yangu mdomoni halafu ningu akifika darajani Ahero akute wengine wanamngoja na vikapu, nitakuwa nimewafugia wao samaki. Na mwenye neti zake zinashikwa ndani ya hizo wiki zichomwe hadharani, hata kama ni mwenyekiti wa bichi. Hayo mawili yakiandikwa, mimi naweka sahihi na nitawaongelesha wenzangu wa boti.