Fangasi nyuma ya kabati na kikohozi cha mtoto: tatizo ni rangi au ni maji?

Mama wa Sinza

Habari zenu, ndugu zangu. Tunaishi Sinza katika nyumba ya kupanga, na huu ni mwaka wetu wa pili. Mwezi wa nne, masika yalipokuwa yameshika kasi, nilivuta kabati la nguo ili nifagie, nikakuta ukuta wa nyuma umejaa madoa meusi yenye utando laini kama sufi, kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno changu, na shati la shule la mwanangu lililokuwa limebanwa huko lilikuwa na madoa yale yale kwenye kola. Mwenye nyumba alimtuma fundi, akakwangua juu juu na kupaka rangi mpya. Wiki tano baadaye madoa yamerudi pale pale, na sasa rangi yenyewe inavimba na kubanduka.

Linaloniumiza zaidi ni mtoto. Ana miaka sita, na tangu masika anakohoa kila usiku, hasa kuanzia saa nane, lakini akienda kulala kwa bibi yake Kibaha anapitisha usiku mzima bila kukohoa. Zahanati tumekwenda mara mbili, na mara zote tumepewa dawa ya maji ya kikohozi. Kwa sababu ya harufu ya uvundo nimekuwa nikifukiza udi chumbani jioni, na usiku nawasha dawa ya mbu ya kuchoma. Napikia gesi, ila maharage na makande nachemsha kwa mkaa kwenye korido. Naomba mnisaidie: nianze na ukuta au nianze na mtoto?

Fundi Mbagala

Pole sana, mama. La mtoto nawaachia wanaolijua. Mimi nizungumzie ukuta. Hapa mjini tunaita fangasi vitu viwili tofauti. Ule unga mweupe unaomea ukutani ni chumvi iliyobebwa na maji kutoka kwenye udongo, mchanga au tofali, na ukiupangusa kwa kitambaa chenye maji huyeyuka. Weusi wenye manyoya ni kuvu hai, nayo huota mahali popote palipo na unyevu wa kudumu na chakula kidogo, hata kama chakula hicho ni vumbi na rangi tu. Vyote viwili vinaletwa na maji, kwa hiyo rangi mpya juu yake ni sawa na kufunika kidonda kibichi.

Maelezo yako kwamba madoa yanaanzia sakafuni na kuishia kiunoni yananifanya nishuku unyevu unaopanda kutoka ardhini. Nyumba nyingi za zamani zilijengwa bila kulazwa nailoni kati ya msingi na tofali za juu. Nyingine zilijengwa vizuri, lakini baadaye mwenye nyumba akamwaga kifusi uani ili maji ya mvua yasiingie, udongo ukapanda juu ya usawa wa msingi, na ukuta ukawa unakunywa maji kutoka pembeni kila mvua inaponyesha. Toka nje ya chumba hicho uangalie: je, udongo wa uani uko juu kuliko sakafu yako ya ndani?

Kisha fanya jaribio hili kabla hujatoa hata shilingi moja. Kausha sehemu ya ukuta kwa kitambaa, bandika kipande cha nailoni inayoonyesha, chenye upana wa mikono miwili, na uzibe kingo zote nne kwa gundi ya utepe. Acha siku mbili. Matone yakitokea upande wa ndani, yaani kati ya nailoni na ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakitokea juu ya nailoni, ni mvuke wa chumbani unaogota kwenye ukuta wa baridi, na dawa yake ni madirisha kufunguliwa na kabati kusogezwa mbali na ukuta.

Muuguzi Temeke

Mama mwenzangu, anza na mtoto, na ukuta ufuate wiki hiyo hiyo. Kikohozi kinachokuja usiku wa manane na kutoweka mtoto anapolala nyumba nyingine ni habari kubwa sana kwa daktari, na pengine hukuulizwa. Rudi hospitali ukaieleze hivyo hivyo ulivyoieleza hapa, useme pia kama katika ukoo wenu kuna mwenye pumu au mafua yasiyokwisha, na uombe mtoto apimwe pumu. Ikiwa ndiyo, dawa ya maji ya kikohozi haitamsaidia. Atahitaji dawa ya kuvuta. Mkiona mbavu zinabonyea anapovuta hewa, au anashindwa kumaliza sentensi, au midomo inabadilika rangi, msisubiri asubuhi.

Sisemi kuvu ndiyo iliyomletea ugonjwa, kwa sababu hilo halithibitishwi kwa macho. Lakini Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009, lilieleza kwamba wakazi wa nyumba zenye unyevu na ukungu hupata zaidi matatizo ya njia ya hewa na pumu, wala halikuweka kiwango cha ukungu cha kuhesabiwa kuwa salama.

Niruhusu niguse na moshi, maana naona umeutaja kwa kupita tu. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2003 ulipima dawa za mbu za kuchoma na kukuta kwamba moja ikiungua yote hutoa vumbi laini, lile linalofika ndani kabisa ya mapafu, sawa na la sigara 75 hadi 137. Mtoto analala nayo mlango umefungwa! Iache leo, atumie chandarua chenye dawa. Udi nao unaficha harufu huku ukiongeza moshi. Mkaa utoe uani kabisa: korido hukusanya moshi, pamoja na ile hewa ya sumu isiyo na harufu ambayo imewaua watu waliolala na jiko ndani. Shirika hilo linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na sehemu kubwa ya hewa hiyo ni moshi wa kupikia.

Kaka wa Kigogo

Dada, mimi nilimwagia klorini ukuta mzima na ukawa mweupe siku hiyo hiyo. Kwa mwenye nyumba, piga picha zenye tarehe na umwandikie barua. Rochdale, Uingereza, baba mmoja alilalamikia ukungu mwaka 2017 akaambiwa apake rangi. Mwanawe wa miaka miwili akafariki Desemba 2020, na uchunguzi wa kifo hicho ukataja ukungu. Baadaye sheria yao ilibadilishwa.

Fundi Mbagala

Ndugu yangu, klorini iling'arisha rangi ya kuvu tu. Kwenye plasta inayonyonya maji mizizi hubaki ndani. Na tafadhali mtu asiichanganye na dawa ya choo yenye asidi, hewa yake inaunguza mapafu. Plasta iliyooza hubomolewa ikiwa imeloweshwa ili vumbi la kuvu lisiruke, fundi akiwa na barakoa na mtoto akiwa nje ya nyumba.

Mama wa Sinza

Asanteni sana. Nimebandua nailoni leo asubuhi: ndani matone yamejaa, nje ni kavu. Uani kifusi kimepita usawa wa sakafu kwa kama shubiri moja. Picha na barua vimefika kwa mwenye nyumba, na amekubali kifusi kichimbuliwe Jumamosi. Mtoto amehamia sebuleni, chini ya chandarua, na Jumatatu tuna miadi hospitali. Fundi, kifusi kikishatolewa, ukuta uachwe siku ngapi kabla ya kupiga plasta upya?

Fundi Mbagala

Usihesabu siku, mama. Rudia nailoni kila wiki, na plasta isipigwe mpaka itoke kavu pande zote mbili.