Eti wakulima "tunashawishiwa" kufunga lumbesa! Nani kashawishiwa?

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine mambo. Mods naomba msiunganishe huu uzi na ule wa bei ya mbolea, nina hasira zangu tofauti.

Juzi sisi wakulima wa viazi tuliitwa mkutanoni huku Umalila, Mbeya, kuhusu lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo. Kaja afisa mmoja, simtaji, viatu havijawahi kuona tope. Anatuambia, "Wakulima mnajitakia wenyewe, msikubali kushawishiwa kufunga lumbesa." Watu wakapiga makofi! Nikanyanyuka nikaondoka, ningebaki ningetukana.

Kushawishiwa? Aliyeshawishiwa moyo wake umeridhia. Kaonyeshwa jambo, likamvuta, akakubali. Yaani kwa kitenzi kimoja tu mimi nimeshatiwa hatiani na dalali, yule anayeninunulia viazi, katoka mweupe. Kiswahili kina maneno chungu nzima ya kumfanya mtu akubali jambo, na dalali wangu kayapitia karibu yote.

Mwezi wa kwanza napanda, mbolea sina, kaja kunibembeleza. Sawa, kubembeleza si kosa, hata mtoto hubembelezwa alale. Nikakataa. Akaanza kunirai, sauti ya chini, "mama, nisaidie mwanao." Nikakataa. Akanivika kilemba cha ukoka: viazi vyangu vinaulizwa mpaka Dar, kijiji kizima mkulima anayejielewa ni mimi tu. Hapo nakiri nilitabasamu (na sisi ni binadamu jamani). Ndipo akachomoa laki mbili, "nunua mbolea, utanilipa kwa viazi."

Hiyo ni KURUBUNI, wakuu. Na neno lenyewe linajieleza: rubuni kwa Kiswahili cha zamani ni ile fedha ya kutanguliza, ya kumfunga mtu asiuze kwingine. Wazee walishamjua huyu dalali kabla hajazaliwa.

Mwezi wa nne viazi vimeshachimbwa, viko chini ya turubai, mvua haikatiki, Fuso lililoweza kupanda hadi kwetu ni moja, la kwake. Saa moja usiku ananiambia, "Mama, funga lumbesa au nirudishie laki mbili yangu sasa hivi." Mtoto wa kunirai kaishia wapi? Huko ni kushurutisha. Gunia kisheria mwisho kilo 100. Vijana wake wakajaza likafurika, wakashona wavu juu, wakaongeza tena. Kilemba cha pili hicho, cha viazi, na bei ikabaki ya gunia moja!

Sasa kijana wa Mwanjelwa, Mbeya mjini, akimliza mtu kwa simu, mahakamani anasomewa "kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu", kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu. Kitenzi kinamuuma aliyetenda. Hakuna anayesimama kumfokea aliyelizwa kwamba alikubali kushawishiwa. Kwa nini kwenye viazi neno linageuka kumuuma mwenye shamba?

Ni ugonjwa uleule wa "kuhamasisha". Mgambo mlangoni, jogoo kachukuliwa kwa mchango wa darasa, ripoti inaandikwa wananchi walihamasishwa. Hamasa gani ya kukimbizana na jogoo?

Bwana afisa, kama umo humu: adui yetu si ulimi wa dalali, ni laki mbili ya mwezi wa kwanza na barabara ya mwezi wa nne. Kwangu kumebaki robo eka, tunachimba wiki ijayo. Ukija kunihutubia tena, njoo na mzani, uje usiku, Fuso likiwepo.