Yule mwenye ngamia wa Giza amenitoza pesa ya KUSHUKA

Wakuu, ninaandika haya nikiwa hotelini Cairo, mchanga ukiwa bado umo ndani ya soksi na hasira imenikaba kooni, kwa hiyo mniwie radhi nikivuka mipaka. Mhusika hahitaji kutajwa jina. Kila aliyewahi kukanyaga Giza, kule kwenye piramidi za Misri, anamjua: ndiye anayekuita ndugu kabla hujafunga mlango wa teksi, na alipotusikia tukizungumza Kiswahili alitupokea kwa "hakuna matata", maneno ambayo kwetu Mwanza sijawahi kuyasikia kwa mtu asiyemuuzia mgeni kitu.

Mimi na mke wangu tumedunduliza miaka mitatu kwa ajili ya safari hii. Jana ilikwenda vizuri. Tulipanda Mnara wa Cairo, wenye mita 187, tukautazama Mto Nile ukikizunguka kisiwa cha Gezira, nami nikamweleza mwenzangu kwamba maji yale yametoka ziwani kwetu na kwamba, kwa hesabu hiyo, tumekuja kukagua mali yetu. Leo ikawa zamu ya piramidi.

Bei ya ngamia ilikuwa paundi 200 za Misri, nikakubali. Ngamia akapiga magoti, nikapanda, naye akainuka kwa miguu ya nyuma kwanza, nikabaki nimekikumbatia kijiti cha mbele cha tandiko kama mtoto aliyeona sindano. Tukazunguka kidogo, mke wangu akapiga picha, Piramidi Kuu ya Khufu ikiwa nyuma yangu. Mpaka hapo sina lawama. Kisha nikasema kwamba ningependa kushuka, na yule bwana akaniuliza, kwa utulivu wa karani wa benki: "Kushuka?" Akanifafanulia kwamba 200 zilikuwa za kupanda, na kwamba kushuka ni 1,000.

Ninarudia, ili msomaji asidhani amesoma vibaya: kushuka. Nilikuwa nimening'inia huko juu kama shuka lililosahauliwa kambani, watalii wa mataifa yote wakinipiga picha bila kulipa, na Sphinx, lile sanamu la mawe lenye mwili wa simba na kichwa cha mtu, naye akinitazama kwa uso ule usio na pua, ambayo sasa ninaamini aliiacha rehani ili naye ashushwe. Nilikaa juu pale muda ambao Khufu angeutumia kuongeza piramidi nyingine, pamoja na mawe yake milioni mbili na zaidi. Kushuka, wakuu! Hata daladala hainitozi nauli ya kushuka.

Dagaa wa Kirumba: Pole sana, mkuu. Tangu tukiwa darasa la tatu tulifundishwa kwamba kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma, ila nadhani wewe siku hiyo hukuhudhuria.

Kiti cha Dirishani: Nimecheka mpaka jirani amegonga ukuta. Ninaomba kujua kama ngamia mwenyewe alitozwa kwa kukubeba.

Shuhuda wa Karibu: Mimi ndiye mke anayetajwa hapo juu, na ninaandika nikiwa upande wa pili wa kitanda hicho hicho. Mume wangu amesahau kueleza kwamba nilimsihi aulize bei ya kwenda na kurudi, kama tunavyoiuliza kwa bajaji, naye akanijibu kwamba mwanamume hapatani bei mbele ya ngamia aliyekwisha kupiga magoti. Amesahau vilevile kwamba hiyo 1,000 haikulipwa. Nilitoa 300, nikamwambia yule bwana kwamba akiona hazitoshi abaki naye, ila ajue kwamba anakoroma. Alimshusha palepale.

Aliyeanzisha uzi: Mama watoto, mambo ya kukoroma hayakuwa na ulazima wa kuletwa hapa. Hoja yangu ni moja tu, nayo ni kushuka.

Mchumba wa Zamani: Wewe umetozwa na mnyama anayeonekana. Mimi na mwenzangu tulikwenda Paris, na tulipokuwa tukipanda ngazi za kanisa la Sacré-Cœur, kijana mmoja alinishika mkono kwa upole, akanifunga uzi kidoleni, akausokota hadi ukawa bangili, kisha akadai euro 20. Huo ndio uzi wa malalamiko.

Kiti cha Dirishani: Afadhali yako ulipata bangili. Karibu na Daraja la Galata, Istanbul, mng'arisha viatu mmoja alipita mbele yetu akaangusha brashi, na mume wangu, ambaye nyumbani haokoti hata kijiko chake, akakimbia kumrudishia. Yule bwana akatushukuru kwa kumng'arishia viatu, kisha akadai malipo ya shukrani yake mwenyewe. Viatu vyenyewe vilikuwa vya kitambaa.

Dagaa wa Kirumba: Vya kitambaa? Alipaka dawa ya viatu juu ya kitambaa?

Kiti cha Dirishani: Nyeusi, juu ya kitambaa cheupe. Kisha akamsimulia habari za watoto wake wagonjwa, na mume wangu akatoa na chenji.

Aliyeanzisha uzi: Wakuu, ninaomba turejee kwenye suala la msingi. Mimi nilikuwa juu ya ngamia, na nilitakiwa kulipa ili nishuke.

Shuhuda wa Karibu: Dada wa Paris, je, huo uzi ulikuwa wa rangi gani, na mwenzako alikuwa wapi wakati wote huo?

Mchumba wa Zamani: Ulikuwa wa bluu na mwekundu. Mwenzangu alikuwa ameshika kidole chake mwenyewe, akisubiri zamu.