Tupeane uzoefu: watoto waliopitishiwa mrija wa moyo pajani

Mama wa Fuoni
Asalaam aleikum jamani. Watu wanaita tundu la moyo, ila daktari kasema mwanangu ana ule mshipa ambao hujifunga wenyewe siku chache baada ya kuzaliwa, wake haukujifunga. Tumepewa rufaa ya Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Muhimbili. Hatapasuliwa kifua, watapitisha mrija pajani. Majirani kila mtu na lake. Waliopitia wenyewe waseme: mtoto alitokaje, na baadae ikawaje?

Baba Wete
Waaleikum salaam bibie. Wangu alizibwa mshipa huo huo. Walimlaza usingizi, wakaingia kwa mshipa wa paja, wakamwachia kizibo kidogo cha waya uliosukwa. Nje kimebaki kitundu kama cha kudungwa mwiba. Kazi ilikuwa alipoamka: mguu unyooke kwa saa kadhaa, damu isije ikafumka. Mtoto wa miaka miwili umwambie asikunje mguu! Mama yake kamlalia magotini anamwimbia, mie nachezesha funguo juu ya uso wake. Nesi kila mara anakuja kugusa unyayo, kuona kama una joto na mshipa unapiga. Nanyi mguse, ukipoa au ukibadilika rangi, iteni mtu hapo hapo. Zamani akinyonya jasho linamtoka kichwani mpaka mto unarowa. Sasa hakamatiki.

Shangazi wa Mkoani
Wetu vali, kile kilango cha damu ya kwenda mapafuni, ilikuwa nyembamba, wakaipanua kwa puto, hakuwekwa kitu. Inavuja kidogo, daktari hakushtuka, ati hutokea sana. Skuli anakwenda, mpira anacheza, ila kliniki ya eko, kile kipimo cha picha ya moyo, haiishi. Na mshukuru, kabla ya 2015 taasisi hiyo haikuwepo, wengi ilikuwa mpaka India.

Mkaazi wa Jang'ombe
Mie nna la tofauti, si kwa kumtisha mtu. Binti yetu ana tundu kubwa, na pale tulipokuwa tukimpeleka mwanzo tukiambiwa kifua tu, tunarudi na dawa ya kikohozi. Alipofikishwa kwa mabingwa tukajua anakwenda kuzibwa. Kumbe mrija ule ulikuwa wa kupima presha ya mapafu. Damu ilishamiminika huko kwa nguvu miaka yote, mishipa ikakakamaa, presha imepanda mno. Wakatwambia sasa kuziba ndio hatari, kwani tundu lile ndilo linaloupunguzia moyo mzigo. Anakunywa dawa, midomo inamwiva buluu akichoka, ngazi hapandi. Ulimi lakini, mashallah, nyumba nzima hatumwezi. Bibie, muulize daktari mapema: mnakwenda kupima, au kuziba?

Mama wa Fuoni
Ahsanteni. Nimeuliza leo: kuziba, ila watapima kwanza humo humo. Na Dar mlifikia wapi? Sisi hatuna mtu.

Baba Wete
Hata jamaa wa mbali mtafuteni, maana mtarudi kwa kliniki na boti si bure. Halafu meno yake yaangaliwe kabla ya safari. Miezi 6 ya mwanzo na kizibo, akitaka kung'olewa jino, mwambieni daktari wa meno kwanza, atampa antibiotiki, vijidudu vya mdomoni visije vikafika kwenye kizibo. Kadi ya kizibo mtakayopewa hospitali itieni nailoni.

Mama wa Fuoni
Ana jino bovu la nyuma! Kesho asubuhi namuwahisha.